Nati ya Baba

Juzi nilikwenda Kariakoo kununua bolti za kufungia kichanja cha tangi la maji, hapo nyumbani Ilala. Nilitaka zile ndefu zisizo na kichwa, zenye hesi, ile mikato ya kuzungukia nati, mwanzo hadi mwisho, unazozipenyeza ukutani na kukaza nati huku na huku. Kijana wa duka akanitolea moja inayong'aa.

"Shikamoo bibi. Hii chuma kweli, haina mchezo."

Nikaitikia marahaba, lakini sikumwamini. Nikafungua pindo la kanga, nikatoa nati ya baba.

Wewe uliyekulia mitaa hii utakumbuka asubuhi zake: harufu ya mihogo ya kukaanga ikichanganyika na ya mafuta mazito yaliyopakwa vyuma madukani. Baba alikuwa fundi chuma. Alhamisi, madrasa ikifungwa, nilifuatana naye Mchafukoge kuchagua vifaa. Hakuamini mng'aro, wala kiapo, wala bei nzuri. Aliitia nati yake kwenye bolti na kuizungusha kwa kidole kimoja, macho kayafumba kama anayevuta tasbihi. Ikikwama, hesi zimepinda. Ikiteleza upesi ni vibaya zaidi: hesi hazina kina, na siku ya mzigo hazitashika.

Mwaka madrasa yetu ilipojengewa kibaraza, mwenye duka mmoja, aliyeswali safu moja na baba, alitoa bolti zote sadaka. Baba akazipima mbele ya watu. Nati iliteleza kwenye kila moja.

"Fundi, hata sadaka unaipima?" mwenye duka aliuliza akicheka.

"Sadaka ni yako na Mola wako. Paa la kibaraza litakaa juu ya vichwa vya watoto."

"Wallahi, zimetoka katoni moja na hizi ninazouza kila siku."

"Basi nawahurumia wateja wako."

Watu wakaangua kicheko. Yeye akaziokota bolti zake moja moja, akaondoka. Mimi mwenyewe nililipeleka neno madrasani: yule ni tapeli, anamdanganya hata Mungu. Mkewe alikuwa akitugawia kashata, tukaacha kuzipokea. Wateja wakapungua, na kabla ya Ramadhani akafunga duka na kuhama.

Sasa juzi, nati ileile ikateleza tena.

"Mwanangu, hii feki," nikasema.

"Ngoja kwanza, bibi." Akachukua nati mpya ya saizi ileile, akaitia kwenye bolti ileile. Ikaenda polepole, imeshika. Kisha akaziinua nati zote mbili kwenye mwanga, nione ndani. "Bolti nzima hii. Nati yako ndiyo imelika. Imefanya kazi sana, bibi yangu."

Akanisogezea ndoo ya rangi nikae.

Sijui hesi za nati ile zilianza kulika lini, pindoni mwangu au mfukoni mwa baba kabla ya siku ile. Bolti za sadaka hazikukazwa kwa spana hata moja. Kidole cha baba kilitutosha sote. Tulifundishwa kujiepusha na dhana mbaya, tukaikariri aya vizuri. Duka lile sasa ni ghorofa la nguo, na mwenye duka sijui kalala kaburi gani. Namshukuru Mungu kwa kunibakizia umri wa kuomba radhi, ila wa kuombwa hayupo.

Bolti za yule kijana nilizinunua. Tangi limejaa, halitikisiki. Kila nikitawadha kwa maji yake, namwombea mwenye duka kabla ya baba.