Simu ya Phelesia Yasema Karibu Tanzania

Phelesia Adoyo, mkaushaji wa omena, wale dagaa wa ziwani, huku Muhuru Bay, Kenya, alijiunga na darasa langu la Kiingereza akiwa na miaka sitini na moja, ili agombane na maafisa bila mkalimani. Jana somo lilikuwa nchi na serikali. Nikamuuliza kwa Kiingereza anaishi nchi gani. Akachungulia simu yake, ambayo huku mpakani hudaka mtandao wa nchi jirani, akajibu kwa Kiingereza safi kwamba anaishi Tanzania.

Darasa likaangua kicheko.

“Mama, si wewe hupiga kura Kenya?” nikamuuliza.

“Najua, mwalimu. Lakini Tanzania hunitumia ujumbe wa kunikaribisha kila asubuhi. Kenya hunisalimia kila baada ya miaka mitano.”