Sukari ya Mrushaji Wetu

Mwaka huo tulikunywa chai nyingi kuliko mwaka mwingine wowote niliokaa Hagsätra, pembeni mwa Stockholm, na karibu kila kikombe tulikinywa tukimsema mtu mmoja.

Alikuwa mrushaji wa timu yetu ya besiboli. Watu wakisikia kwamba Waafrika Mashariki wa Stockholm wana timu ya besiboli hucheka, na mimi huwaacha wacheke. Mume wangu aliujua mchezo huo sekondari, kwa mwalimu mmoja mgeni aliyefika kwao na gunia la glavu, na alipokuja Sweden akakusanya Wakenya wenzetu, Warundi, Wakongo na Waganda wawili, akajifanya kocha. Kwa asiyeujua, mmoja anarusha mpira, mwingine anasimama na gongo akijaribu kuupiga, na timu isiyo na mrushaji wa maana afadhali ibaki nyumbani. Sisi tulikuwa naye. Kijana wa Kirundi, dereva wa basi, aliyefiwa na mama yake tangu hajaanza shule. Misimu sita alikula kwangu kila Jumamosi baada ya mechi. Namba ya mgongoni mwa jezi yake niliishona mimi kwa mkono, kwa sababu ile iliyobandikwa dukani ilitoka mara ya kwanza kufuliwa.

Mwezi wa nne akaondoka. Nililijua jambo hilo kwenye treni, nikitoka zamu ya usiku hospitalini Flemingsberg, baada ya mtu kunitumia picha yake akiwa amevaa jezi ya bluu ya timu nyingine. Alikuwa amepata nyumba Fisksätra, upande mwingine wa jiji, na timu ya huko ikamchukua. Niliitazama ile picha mpaka nikapitiliza kituo changu.

Kuhama si kosa, sote tumehama. Kilichoniuma ni kwamba hakuja kuaga. Kwetu mtu anayeondoka huja nyumbani, hukaa, husema neno lake, na wewe unayebaki unamsindikiza. Hata mgeni uliyemchoka unamsindikiza mpaka kituoni, kisha mnasimama hapo mkiongea nusu saa nyingine. Huyu nilimpakulia chakula miaka sita, na nimekuja kuona habari zake kwenye simu kama mtu baki.

"Hakuaga," mume wangu alisema nilipofika nyumbani. "Na jezi yetu ameondoka nayo."

Nililia siku hiyo, sioni haya kusema. Halafu nikakasirika, na hasira ikanifaa zaidi.

Siku hizo hizo mume wangu alinishangaza kwa kununua sukari, paketi tano kwa mpigo. Alisema dukani kulikuwa na ofa. Mume wangu hanunui sukari asipotumwa, na akitumwa huleta chumvi. Nilimsifu mbele za watu.

Basi kila Jumamosi watu wakaendelea kuja kwangu baada ya mechi, tukawa tunakunywa chai na kumjadili. Tulikuwa tunashindwa, na yeye huko aliko alikuwa anashinda. Vuli ilipofika na mechi za mtoano kuanza, sisi tulitolewa mapema, timu yake ikafika fainali. Katika nusu fainali aliwatoa wapigaji watatu mfululizo bila hata mmoja kuugusa mpira. Mjadala ukawa mkali kweli kweli.

"Hapa alikuwa anarusha kama anafukuza kuku," alisema jirani yetu Mkenya, mtu wa kusema kila neno kwa sauti. "Ameenda kule ndio amejua kurusha? Alikuwa anatufichia! Alikuwa anajiwekea!"

"Mais non, sivyo," akajibu mzee wetu wa Kikongo, akiongeza sukari kijiko cha nne. "Ule mrusho wa kuzama alifundishwa na nani? Ni sisi, quand même, hata hivyo ni sisi. Akishinda yeye, tumeshinda siye."

"Wewe umeshinda nini, mzee? Umeshinda umekaa kwenye kiti."

Tulicheka. Mume wangu hakucheka. "Mtu asiyejua kuaga hana shukrani," alisema, na alilisema neno hilo kila Jumamosi mpaka likawa langu. Siku moja binti yetu alinijibu kwa Kiswidi kwamba labda kuna jambo hatulijui. Nikamwambia akaoshe vyombo.

Tulienda Fisksätra kuangalia fainali. Nitasema ukweli wangu: nilienda kumwona akishindwa. Mume wangu hakutaka kwenda, alisema mgongo unamuuma, nikamwambia mgongo utauma vizuri zaidi ukiwa na hewa safi. Tulikaa kwenye nyasi, wanne, sisi wawili, jirani yetu na mzee wa Kikongo, na chupa ya chai katikati yetu. Yule kijana akapanda pale kwenye kilima cha mrushaji, akapangusa kiganja mara mbili kwenye suruali kama alivyofanya siku zote, na hasira yangu yote ikanitoka bila ruhusa. Alirusha alasiri nzima. Mpira wa mwisho ulipopita mpigaji akiwa hajui hata uko wapi, mzee wa Kikongo alisimama akapiga kelele, jirani yetu akapiga kelele, na mimi nikajikuta nashangilia jezi ya bluu kwa machozi. Mume wangu alibaki amekaa akifunga kifuniko cha chupa ambacho kilikuwa kimefungwa tayari.

Yule kijana alituona. Aliwaacha wenzake wakimwagiana maji, akaja moja kwa moja, akatusalimu mmoja mmoja kwa mikono miwili. "Nawasindikiza kituoni," akasema. Hapo nilihisi kitu kimenichoma, maana anayesindikizwa ni mgeni, na sikujua tangu lini nimekuwa mgeni wa mtoto huyu. Wanaume walitangulia, mume wangu mbele kabisa, anatembea kama mtu asiye na mgongo unaouma. Mimi nikabaki nyuma naye.

Sikuweza kujizuia. "Mwanangu, ungeniaga tu. Neno moja."

Akasimama. "Mama, si nilikuja?"

"Ulikuja wapi?"

"Kwako. Mwezi wa nne, asubuhi. Kocha alifungua mlango, akaniambia umetoka zamu, umelala, usiamshwe. Nilikaa sebuleni dakika kumi, nikinong'ona usiamke, nikamwachia sukari, maana mikono mitupu siwezi kuja kwako kukuaga. Paketi tano. Na jezi niliifua, nikaiweka juu yake." Akanitazama. "Nilidhani umekasirika. Ulipokaa kimya nikasema, basi, mama hataki kuniona."

Nilimshika mkono, na hivyo ndivyo tulivyofika kituoni, na hivyo ndivyo tulivyosimama mpaka treni ikaingia.

Ndani ya treni wale wawili walikaa mbele wakibishana kwa furaha juu ya mrusho wa mwisho. Mimi nikakaa na mume wangu. Sikupandisha sauti.

"Jezi iko wapi?"

"Chini, stoo. Ndani ya gunia la glavu za timu."

"Kwa nini?"

"Ungemsindikiza," alisema, akitazama nje dirishani. "Nakujua. Ungemfungia chakula, ungemwombea, ungemfikisha mpaka kituoni. Na angekuwa ameondoka kabisa. Nilifikiri tusipomuaga atarudi."

Kwa miezi mitano nilikuwa nimemwita mtoto wa watu mwizi na mtu asiye na shukrani, tena kwa maneno niliyotiwa mdomoni na mtu ninayelala naye kitanda kimoja. Yule niliyedhani amenisaliti alikuwa ameketi sebuleni kwangu dakika kumi, akanong'ona ili nisiamke. Tulikuwa tumekoroga sukari yake vikombeni kila Jumamosi, kisha tukafungua midomo kumla nyama.

Tulipofika nyumbani nilishuka stoo kwanza. Jezi ilikuwa imekunjwa vizuri, na uzi wangu mgongoni haujalegea hata mahali pamoja. Nikapanda nayo, nikaitundika kwenye kiti anachokalia mume wangu mezani. Kisha nikapika chai. Kabatini ilikuwa imebaki paketi moja, haijafunguliwa, nikaiacha humo humo na kufunga mlango wa kabati.

Nilimwekea kikombe mbele yake. Mume wangu ni mtu wa vijiko vitatu. Alikaa wima ili asiiegemee ile jezi, akanywa chai yote mpaka chini, na hakuuliza sukari iko wapi.