Faili Nene Kuliko Yote

Hospitali nzima ilimjua kwa jina la Mama Taipu. Miaka ishirini na sita alikuwa akichapa pale masjala, macho kwenye karatasi, vidole vikienda vyenyewe, na hakuna aliyewahi kumkuta na kosa. Alijisifu? Ee, alijisifu sana! Na ilikuwa haki yake.

Kisha ikaja kompyuta. Wala si zile za picha na mapambo. Yake ilikuwa maandishi matupu ya kijani, kioo kimegawanywa madirisha mawili. Juu, watakaopasuliwa leo. Chini, walioahirishwa. Kote kuwili unaandika namba ya mgonjwa, unabonyeza N ya ndiyo, basi. Na kibodi inaandika kwenye dirisha lile ambamo mshale wa kipanya umelala. Fundi aliyemfundisha alimsihi, "Mama, kabla hujachapa, tazama mshale uko wapi."

"Mwanangu, nimeanza kuchapa wewe hujazaliwa," akamjibu, na masjala nzima wakacheka.

Siku tunayoisema, kicheko kilikuwa mbali naye. Wagonjwa walikuwa kumi, na wa kumi alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, mwashi aliyeanguka kutoka juu ya jukwaa la ujenzi. Mfupa wa mguu ulikuwa umeanza kuoza. Daktari bingwa wa mifupa alikuja mara moja kila miezi minne, na jioni hiyo hiyo alikuwa anaondoka. Asipopasuliwa leo, mguu unakatwa. Daktari wa wodi alishamwambia hivyo bila kupepesa macho.

Orodha ilifungwa saa nne asubuhi. Mama Taipu akachapa wale tisa, kila faili akiliweka mkono wake wa kulia, kando ya kipanya, kama desturi yake tangu enzi za taipureta. La mdogo wake akaliacha mwisho kwa makusudi, alichape kwa utulivu. Lilikuwa nene kuliko yote, limejaa picha za eksirei na makaratasi ya miezi mitatu. Alipolifungua likatanuka, likakisukuma kipanya kidogo tu, upana wa kidole. Angeinua macho jamani! Hakuinua. Alitazama namba, akaisoma mara mbili, akachapa, akabonyeza N. "Haya, Mungu asaidie," akasema, akaenda kunywa chai.

Saa nne na nusu orodha ikabandikwa mlangoni. Wa kumi alikuwa mtoto wa miaka sita, aliyetolewa kwenye akiba kujaza nafasi iliyobaki wazi. Mama Taipu akarudi mbio kwenye kioo. Mdogo wake alikuwa dirisha la chini, namba sahihi kabisa, hakuna tarakimu iliyokosewa.

"Bosi, nakupigia magoti," akamwambia mkuu wa masjala, amemng'ang'ania mkono. "Mrudishe juu. Nimekosea mimi, si yeye!"

"Nafasi imeshajazwa, Mama Taipu. Mtoto wa watu ameshaingizwa ndani. Nitamtoaje?"

Akakimbilia mlango wa chumba cha upasuaji, akagonga, akalia, akaambiwa asubiri. Akasimama pale saa mbili nzima, roho mkononi. Mwishowe muuguzi akatoka: bingwa haongezi mtu, jioni gari lake linamngoja. Akashika ukuta, akajikokota mpaka wodini.

Alimkuta mgawa chakula amesimama kando ya kitanda na sahani mkononi. Pale hospitalini, asiyekuwemo kwenye orodha ya upasuaji ndiye anayeletewa chakula.

"Rudisha, bwana, mimi leo sili," mdogo wake alikuwa akisema. Midomo ilikuwa imemkauka. Tangu jana jioni hakuwa ametia kitu kinywani. "Nimo kwenye orodha. Dada yangu ndiye mchapaji, na hajawahi kukosea hata herufi moja. Si huyo hapo? Dada, hebu mwambie!"

Mama Taipu akaipokea ile sahani, akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Kula, mdogo wangu," akasema. "Kula. Nimekuondoa mimi."