Tumbo la Fundi Makochi

Baba mdogo ni fundi makochi. Kutwa ana misumari midogo mdomoni, kwa hiyo majibu yake ni mafupi na watu wanamwona mpole. Karakanani wanamwita Sponji, maana ukimkandamiza hatoi sauti.

Kitu pekee alichowahi kukilalamikia ni tumbo, tena kwa adabu: "linauma kidogo tu." Akishakula unamkuta amejikunja kwenye kochi la mteja, magoti kifuani. Hospitali walimpima damu, wakampima choo, wakamshusha kamera hadi ndani kabisa. Safi. Nikamwambia lile ni tumbo la kupigia picha za harusi. Mkewe, mama mdogo, hakucheka. Mume akijikunja, yeye ndiye anayehangaika na makochi.

Ndipo hospitali ikatafuta watu wa kujitolea kwenye utafiti wa maumivu ya utumbo. Mama mdogo akamwambia mbele yangu, "Nenda. Ila na hao wakikosa kitu, habari za tumbo usiniletee tena. Utafanya kazi kama wenzako."

Nikamsindikiza. Daktari alikuwa binti wa rika la dada yangu. Mpira laini, mwembamba kama kidole, unaingizwa kwa njia ya nyuma. Pampu inaujaza hewa taratibu. Mtu anataja maumivu yake, sifuri mpaka kumi. Mimi niliwekwa nyuma ya pazia. Lilikuwa fupi kuliko kitanda, nyayo za baba mdogo zikabaki upande wangu.

Pampu ikanguruma.

"Baba, unajisikiaje?"

"Salama tu, daktari. Pole na kazi."

"Maumivu ni ngapi?"

"Moja. Siyo mbaya."

Vidole vya miguu vilikuwa vimejikunja kama vinaokota msumari.

"Na sasa?"

"Mbili, mwanangu. Tunamshukuru Mungu."

Huyu ungemkuta chini ya lori angekwambia hajambo.

"Ba'mdogo," nikasema, "hapa hukuja kusalimia."

"Nyamaza wewe! Nimlilie binti wa watu yuko kazini?"

Daktari akazima pampu. Akasema kwenye mashine moyo unakimbia, mdomo unatembea, haviwezi kuwa safari moja. Akampa kitufe chenye waya. "Baba, usiniambie chochote. Ikianza kuuma, bonyeza. Humu utabaki peke yako."

Tukahamia chumba cha pili, mbele ya skrini. Huko ndiko daktari alikonieleza kwamba wapo wanaobonyeza kwa kuusikia mngurumo tu, kwa hiyo mara nyingine pampu ingenguruma bila kutia hewa. Akibonyeza hapo, majibu yake yanatupwa.

Ikanguruma tupu. Nikakodolea macho kitaa cha kwenye skrini, kinachowaka akibonyeza. Kikiwaka, mama mdogo ameshinda. Hakikuwaka. Ikanguruma tupu tena. Kimya. Kisha ikaingia hewa, kiasi ambacho daktari alisema wengi hawajui hata kama kimeingia. Kitaa kikawaka na hakikuzimika mpaka daktari alipoitoa ile hewa. Walirudia kwa kuchanganya, ya hewa na tupu. Hakukosea hata mara moja.

"Hana kidonda," daktari alisema. "Ila utumbo wake unahisi kupita kiasi. Gesi inayompita mwingine bila habari, yeye inamuumiza." Dawa ya kuondoa kabisa hakuwa nayo. Ya kupunguza ilikuwepo.

Mama mdogo alikuwa ametufuata, anatusubiri kwenye benchi la nje. Nikamweleza yote. Akamtazama mumewe, aliyekuwa anakuja akitembea kama amebeba trei ya mayai.

"Kumbe linauma kweli?"

"Mm."

"Linauma sana?"

"Sana."

"Sasa kwa nini kila siku unaniambia kidogo tu?"

"Nakuta na wewe umechoka."

Mama mdogo akasogea pembeni kwenye benchi. Akamwambia akae, asisimame pale kama mlinzi, kisha akamnyang'anya cheti cha dawa na kwenda kupanga foleni.