Ubani wa Gari

Mtaani kwao Palma, msiba ukitokea, mtu wa kwanza kuitwa baada ya shehe ni Saquina. Yeye ndiye anayekaa mlangoni upande wa wanawake na kupokea ubani, kile ambacho kila anayekuja huwaletea wafiwa: mchele, sukari, chochote kitu. Hasahau aliyekuja, wala hatangazi nani ni mkono wa birika. Basi kampuni ya barabara ilipomtaka awe shahidi wake, watu walisema hapo wamempata mwenyewe.

Kesi yenyewe haikuwa mahakamani. Serikali ilivunja mkataba wa barabara, kampuni ikaipeleka mbele ya wasuluhishi huko Paris, na serikali ikajibu kwamba mkataba ulipatikana kwa rushwa. Rushwa iliyotajwa ni pikapu mpya aliyopewa Abdurremane, mdogo wake Saquina, ambaye sahihi yake ndiyo iliyoupitisha mkataba. Kampuni haikulikana gari. Ilisema ni ubani, kwa kuwa mama yake alifariki mwezi uleule, ikaleta na profesa aliyeandika kurasa na kurasa kwamba pwani hii kuukataa ubani ni matusi. Profesa hakusema uongo.

"Dada, wewe sema moja tu, kwamba ulipokea ubani," Abdurremane alimwambia. "Wale si polícia, hawamfungi mtu. Lakini wakiamini ni rushwa, mimi kazi sina, na jina sina."

Saquina ndiye aliyembeba mgongoni huyo. Aliitikia.

Siku ya siku wakamketisha mbele ya kompyuta katika chumba cha hoteli. Aliposema ubani, mkalimani akatafsiri ule ubani wa kufukiza, na wakubwa wa Paris wakahangaika kuelewa gari zima linahusiana vipi na chetezo. Hilo likarekebishwa. Wakili wa serikali akauliza hili na lile kuhusu pikapu, akajibiwa ubani, ubani, mpaka akachoka mwenyewe. Ilibaki kidogo tu mambo yaishe.

Msuluhishi mkuu, mama mwenye nywele fupi nyeupe, alitaka tu kuijua desturi. "Ubani ukiletwa, nani huupokea?"

"Mimi."

"Na siku ile gari lilipoletwa, ulikuwa na nani nyumbani?"

Hilo hakufundishwa. Angeweza kusema majirani, na hakuna ambaye angembishia. Lakini jambo lile lilikuwa limemkaa kifuani muda wote huo, na lilimuudhi kwamba kati ya wasomi wote wale hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Na mama," alisema.

Mkalimani akadhani hakusikia vizuri. "Mama yupi?"

"Mama yetu. Alikuwa ndani, kitandani, nimetoka kumnywesha uji. Alikuwa anaumwa, lakini bado yu hai. Wale watu wakasimama uani na funguo za gari mkononi, wakasema poleni na msiba, tumeleta ubani. Mama akasikia. Akaniita, 'Saquina, nani kafa?' Nikamwambia hakuna, mama. Kisha akasema, 'Basi ni mimi.'"