Ukifungua, Jua Unamfungulia Nani

Ipo siku moja, mwanangu, naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, na mke wangu akikuuliza, sema hukusikia. Ilikuwa Idi pili, baada ya swala ya alasiri. Nimesimama mbele ya meza ya puli, kanzu mpya nimeikunja mikono mpaka viwikoni, watu wamejaa mpaka mlangoni, wote wananiita kwa jina ambalo mpaka leo watoto wa mtaa huu wananiamkia nalo: "Shikamoo, Mzee Radi!" Hawajui jina limetoka wapi. Wanadhani ni kwa sababu nakoroma.

Nawe juzi ulikuja barazani kwangu na fimbo yako imo mfukoni mwake kama bunduki ya mwindaji, ukanambia, "Babu, nasikia zamani ukiipasua mipira ya puli mpaka vioo vya madirisha vinatetema. Nifundishe." Nikakwambia kaa unywe kahawa kwanza. Ukasema una haraka. Basi nakuandikia, maana karatasi haina haraka, na mimi ni mtu wa nyumbani. Safari yangu ya mbali kabisa ni Kizimkazi, kisiwani hapa hapa, na njia nzima nilishika tumbo.

Kwanza ujue kwamba mimi sikulelewa na puli. Nimelelewa na keram, ule mchezo wa kete za ubaoni. Na aliyenifunza keram si mwanamme. Alikuwa Bi Time, mama yake Mbarouk, rafiki yangu wa tangu tukiwa tunakwenda chuoni na majuzuu yetu kwapani. Nyumba yao na yetu zilitazamana, kichochoro kimoja hapo Kiponda, chembamba hata mwavuli ukiufungua unagonga pande zote mbili. Bi Time alikuwa mjane, na Mbarouk ndiye mtoto wake pekee. Sisi wanaume tukijidai mabingwa barazani, na mabingwa wenyewe wako juu, ndani, milango imefungwa, wanawake peke yao wamekaa mkekani kuuzunguka ubao. Bi Time akiupaka ubao poda kwa kiganja, taratibu, kama anayempaka mtoto aliyetoka kuogeshwa. Kisha anaiweka ile kete kubwa ya kupigia, anaifyatua kwa kidole kimoja, na lile fungu la kete katikati linafunguka kama mtu anayekunjua leso.

Sisi watoto wa kiume, tulioachiwa kuingia kwa udogo wetu, tulipiga kwa nguvu. Kete zikatawanyika ubao mzima, tukacheka. Yeye hakucheka. Alizoa zote, moja baada ya moja, mpaka ubao ukabaki mweupe. Kisha akasema, "Ukifungua, jua unamfungulia nani." Hiyo ndiyo ilimu yote ya mchezo, mwanangu. Ungeweza kuishia kusoma hapa ukaenda zako. Mimi niliisikia nikiwa na meno ya utotoni, na angalia ilivyonifaa.

Tulipokwisha kuwa vijana, miaka ile ya tisini kuelekea mwisho, Bwana Nassor, mfanyabiashara wa mtaani kwetu, akaleta meza za puli kutoka Dubai, akaziweka katika ghala la chini lililokuwa la karafuu, chini kabisa ya dirisha la Bi Time. Mimi siku ya kwanza nilikwenda na kopo la poda. Naam, poda. Nikajua meza ni meza, lazima iteleze. Nikainyunyizia ile nguo ya kijani tokea pembe hii hadi pembe ile. Bwana Nassor alipiga ukelele nikadhani kaumwa na tandu. "Ala! Umeipaka meza yangu poda! Unaipeleka harusini?" Nguo ile haikupata kurudi rangi yake. Nilisamehewa kwa sababu baba yangu alikuwa na duka la nyuzi na vifungo, na Bwana Nassor alichukua kwake vifungo vya kanzu zake zote za Idi.

Lakini puli ilinipa kitu keram haikunipa. Keram unakaa, ukiinua makalio umefanya kosa. Unacheza kwa kidole. Miaka yote hiyo kidole, kidole, na mimi mtu wa kukaa dukani, kazi yangu kuhesabu vifungo. Ghafla napewa fimbo na mkono mzima! Nikawa napasua kwa bega, kwa kiuno, kwa hasira za vifungo vyote nilivyopata kuhesabu. Mlio wake ukatoka nje. Vijana wakaanza kuja kusikiliza tu. "Radi! Mpigie Radi!" Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, mimi nililitia bahari.

Mbarouk alicheza kwa namna ya mama yake. Akipasua husikii kitu. Mpira mweupe unaugusa ule wa mbele sawasawa, uso kwa uso, kisha unarudi hatua moja, unatulia katikati ya meza kama mwenye nyumba. Mingine inafunguka kwa adabu. Watu hawakumshangilia. Alishinda tu.

Siku moja asubuhi Bi Time akaniita kutoka dirishani. "Sele!"

"Naam, Bi Time. Shikamoo."

"Marahaba. Hebu nambie, ule mlango mnaouvunja kila siku huko chini ni wa nani?"

"Si mlango, Bi Time. Ni mimi napasua."

"Aaa. Mie nipo hapa juu napepeta mchele wangu, nasikia mlio mmoja mkubwa, bwaaa! Huo wako?"

"Huo wangu," nikajibu, kifua mbele.

"Halafu nasikia milio midogo midogo. Tok. Tok. Tok. Tok. Hiyo nayo yako?"

Ile midogo haikuwa yangu. Ilikuwa ya mpinzani wangu, anaokota mipira niliyomtandazia.

"Basi unamfungulia nani, baba?" akauliza. Akarudi kwenye mchele wake. Mbarouk alikuwa amesimama nyuma yangu, akacheka mpaka akakaa chini. Mimi nikajisemea, huyu mama wa watu, puli hajaiona hata kwa jicho, atanifunza nini.

Sasa nikwambie kilichokuwepo juu ya meza ile Idi pili, maana haikuwa mipira tu. Mbarouk hakuwa na kazi ya maana. Mjomba wake alikuwa Maskati, ameshamtafutia mahali, kila siku anamhimiza aende. Mbarouk hakutaka. Bi Time ndiyo kabisa. Kila jina la Maskati likitajwa anainuka anakwenda jikoni, na jikoni hana anachopika. Ndipo Bwana Nassor akatangaza anafungua ukumbi mwengine Mkokotoni, anataka kijana mwaminifu wa kuusimamia, tena anayejua kucheza ili vijana wa huko wamheshimu. Washindi wa mashindano ya Idi, wawili wawili, mmoja wao atapewa ukumbi huo. Mimi nilikuwa na vifungo vyangu, sikuwa na haja. Mbarouk alikuwa na haja. Mkokotoni ni hapa hapa kisiwani. Mtu anakwenda na kurudi, anakula kwa mamake.

Nikakubali kuwa mwenzake. Na tukapatana, kwa midomo yetu wenyewe, kwamba kupasua kukituangukia sisi, atapasua yeye.

Tulifika mwisho. Waliobaki ni ndugu wawili wa Malindi, mtaa wa jirani. Tumelingana nao, umebaki mchezo mmoja, na kura ya kupasua imetuangukia sisi. Mbarouk anapaka chaki fimbo yake. Na hapo, mwanangu, watu wakaanza. "Radi! Radi! Radi!" Hata wale waliokuwa nje wanapita na watoto wao kwenda uwanja wa Mnazi Mmoja kwenye pembea za Idi walisimama mlangoni.

"Niachie mie," nikamwambia Mbarouk.

"Yakhe, tulisemaje?"

"Mara hii tu. Huwasikii?"

Alinitazama. Angeweza kukataa. Rafiki wa kweli hana akili. Akanipa fimbo yake mwenyewe. Akaniinamia sikioni, "Pole pole, Sele. Pole pole, nakuomba."

Sheria ya ukumbi ule ilikuwa imeandikwa ukutani kwa mkaa: nyeusi ikiingia kwenye kupasua, umekwisha. Nilikuwa naijua kama Alhamdu. Nikarudi nyuma, nikakusanya bega, kiuno, na majina yote wanayoniita, nikapiga. Wallahi sijapata kupiga vile tena. Mlio ule ulitoka ghalani ukapanda ukuta ukaingia kila dirisha la Kiponda. Watu wakapiga kelele za furaha, wakarushiana kofia. Mpira mweupe uliruka ukaanguka sakafuni. Na ile nyeusi, iliyokuwa imekaa katikati ya wenzake haina habari, ilizunguka, ikagonga ukingo, ikaja polepole, polepole mno, ikaingia shimo la pembeni kana kwamba imeitwa.

Kelele zikakatika. Mbarouk hakuwa amegusa mpira hata mmoja.

Na hao walioniita Radi? Walitoka wakaenda Mnazi Mmoja kula urojo. Ngoma ikivuma sana hupasuka, na ikishapasuka hakuna anayekaa kuitazama.

Nilipanda ghorofani kwa Bi Time, nafikiria maneno ya kumwambia. Nilimkuta amekaa dirishani, mikono mapajani. "Nilisikia," akasema. Alijua Mbarouk ndiye aliyekuwa apasue. Alisikia mlio ule, akajua si wa mwanawe. Kisha akangoja ile midogo, yetu au ya wenzetu, usije hata mmoja. Hakunitukana. Akanikaribisha halua. Nakwambia, halua ile mpaka leo imenikwama hapa.

Mbarouk akaenda Maskati kabla ya Idi kubwa. Uwanja wa ndege alinishika mkono, akasema, "Mwangalie mama," basi. Na mimi mtu wa nyumbani, nisiyekwenda popote, nikawa ndiye wa kumwangalia. Nilimchotea maji, nilimpeleka hospitali, nilimnunulia samaki, nikamchagulia hata changu wa kumfaa. Watu wakasema, "Sele ana moyo." Walidhani ni moyo.

Kila Ijumaa akiniita tucheze keram. Ananiweka upande wa Mbarouk. Anaupaka ubao poda, anapanga kete, halafu anaisukuma ile kubwa mbele yangu. "Fungua wewe," anasema. Kila mara, mimi. Hakunipa nafasi hata moja ya kukataa, na sikupata kujua kama alinisamehe au alikuwa akinichapa. Nikajifunza kufungua kwa kidole chepesi, mpaka ikawa hakuna kete iliyokwenda mahali nisipotaka. Alikuwa akitikisa kichwa tu. Mbarouk alipiga simu, akaahidi mwaka huu atakuja, mwaka huu hakupata ruhusa, mwaka ujao.

Bi Time alifariki siku ya Jumanne, asubuhi. Wafu hawangoji ndege. Tulimzika alasiri, mimi nimeshika mbele ya jeneza mahali palipokuwa pa mwanawe. Mbarouk aliingia khitma imeshasomwa, sahani zinaoshwa.

Alikaa chumbani kwa mamake muda mrefu. Ubao ulikuwa pale pale mkekani, na poda ya Ijumaa iliyopita bado iko juu. Akakaa mahali pake. Akapanga kete. Akaisukuma ile kubwa kwangu.

"Fungua," akasema.

Nikafungua. Mwanangu, nilifungua kama Bi Time. Kete zilikunjuka bila sauti, moja ikaingia, nyingine zikakaa zinaningoja. Ulikuwa mfunguo mzuri kuliko yote niliyowahi kupiga maishani mwangu.

Mbarouk aliitazama ile kazi. Akaniinulia macho.

"Sasa?" akasema. "Sasa ndiyo umejua?"

Akainuka, akavaa viatu vyake. Mpaka leo yuko Maskati. Idi ikifika hunipigia simu, ananiuliza hali ya watoto. Huniita Suleiman, si Sele tena.

Basi hii ndiyo nasaha yako, maana uliiomba. Fimbo ishike kwa vidole, usiisonge kama kuku wa kuchinja. Kabla ya kupasua, hakikisha mipira imeshikana, isiwe na upenyo. Mpira wa mbele uupige usoni, sawasawa, wala si ubavuni. Nguvu utumie ile inayokubakisha umesimama imara, ikikuyumbisha, imezidi. Nyeupe ifunze kurudi katikati ikatulie, maana asiyerudi nyumbani hajui nani kaingia mlangoni. Wakikuita jina la sifa, weka fimbo chini, unywe maji, kisha ukapige kwa masikio yaliyozibwa. Na mliyopatana na mwenzako, yashike hata ulimwengu mzima ukupigie makofi, kwa sababu wapiga makofi watakwenda kula urojo, na wewe utabaki na meza. Ukifungua, jua unamfungulia nani. Ukifunga, jua pia unamfungia nani.

Mungu akupe kidole chepesi na sikio jepesi zaidi. Akujaalie rafiki wa kukwambia pole pole, na akujaalie umsikie mara ya kwanza. Na mama yeyote aliyekaa dirishani, Mola asimsikizishe mlio wako mmoja mkubwa, kisha kimya. Amin.