Leseni Inayoishia Namanga

Nilipoacha kufundisha nilifungua kibanda cha simu Karatina, karibu na soko. Mdogo wangu ameolewa Arusha. Kwa mwaka mzima tuliwasaidia wafanyabiashara wa vitunguu: mnunuzi ananilipa hapa kwa simu, namtumia mdogo wangu sarafu za kidijitali, naye anamlipa mkulima kwa shilingi za kule. Dakika kumi, kazi imekwisha.

Kisha ikaja sheria ya leseni kwa wanaofanya biashara ya sarafu hizo. Niliisikia redioni nikifagia, na tangu hapo sikutulia. Nilishika simu, nikaiweka, nikaishika tena. Mwishowe nikaenda Nyeri kumwona wakili, mama mmoja mpole.

“Hapa wanataka kampuni iliyosajiliwa, si kibanda,” akaniambia.

“Na nikipata hiyo leseni?”

“Inaishia Namanga, mpakani. Ukivuka, kule Tanzania kuna sheria zao.”

Nilimpigia mdogo wangu nikiwa bado kwenye ngazi za ofisi.

“Dada, kwani tunaweza kushikwa?”

“Sijui.”

“Basi tuache leo.”

“Tungoje kidogo,” nikasema, na wala sikujua nangoja nini.

Siku mbili nilifungua kibanda na kukifunga kabla ya saa sita, nikazunguka sokoni bila kununua kitu. Siku ya tatu mteja wangu wa kwanza kabisa, mama muuza vitunguu, alinikuta mlangoni.

“Mwalimu, lori iko tayari kupakiwa huko. Tuma kama kawaida.”

“Siwezi, mama. Sina leseni.”

“Ati leseni? Na hii mwaka yote ulikuwa nayo?”

Kidole kilikuwa kimeshafungua simu. Nikawaza watoto wa mdogo wangu, nikaizima.

“Nisamehe. Jaribu benki.”

“Benki itachukua siku mbili, na huyo mkulima ako na wanunuzi wengine!”

Akaondoka bila kuaga. Vitunguu vile vilichukuliwa na mtu mwingine.

Siku hizi anatumia benki. Tunasalimiana, lakini hata salio la simu ananunua kwa jirani. Mdogo wangu anauza vitenge. Mimi na wenzangu wawili wenye vibanda vya simu tunasajili kampuni. Fomu ziko kwa wakili, na nimeenda Nyeri mara nyingi kuliko inavyohitajika, nikiuliza swali lile lile: leseni ikipatikana, na mdogo wangu kule ng’ambo ya Namanga? Jana wakili alicheka kidogo, akanivutia kiti.